Mkwe yuko jikoni, Shangazi, nifanye nini?

Barua za msimu huu zimenifikia na unyevu, nyingine zinanuka moshi, hivyo sikuhitaji kusoma anwani kujua kwamba nyingi zimetoka Kiwira, kule Rungwe. Nazijibu kwa uzito wa shida, si kwa zamu. Aliyeuliza kama ni dhambi kuvaa soksi kanisani juu ya soksi nyingine ajue kwamba si dhambi.

*Shikamoo Shangazi. Baba mkwe amekuja kula Krismasi kwetu. Mvua haijakatika tangu mkesha na moto uko jikoni tu. Mila unazijua: hatukutani ana kwa ana, wala jina lake silitamki. Akiingia kuota moto, mimi natoka na mwiko mkononi. Maharage yameungua mara mbili. Isitoshe, jina lake linafanana na la chakula fulani, basi chakula hicho nakionesha kwa kidole.*
Mkamwana Anayelowa

Marahaba, mwanangu. Shida yako ina umri mkubwa kuliko jiko lako. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu jinsi mke anavyomkwepa baba mkwe, hata kukwepa maneno yanayofanana na jina lake. Lakini soma vizuri alichokiona: zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao na wazee walikuwa na chao. Mkwe alikuwa na kwake. Hakuwa anakalia kigoda chako na kukugeuzia kuni. Mila imebaki, kijiji cha rika kimeondoka, na wewe ndiwe unayelipa kwa kulowa.

Mpelekee moto aliko. Washa jiko la mkaa barazani, likishika mwekee mzee kiti na blanketi papo hapo. Usithubutu kuliingiza jiko sebuleni ukafunga madirisha, maana sumu ya mkaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Kisha mtume mjukuu na chai ya maziwa, akimaliza kikombe aongezewe kabla hajainuka. Mzee mwenye kikombe cha moto hana haja na jiko la mtu. Na chakula hicho chenye jina lake usikipike mpaka aondoke. Ukimtembelea mama yako utakula.

*Shangazi, nimerudi Dar baada ya mwaka mpya. Mama alinifungia ndizi zilizoanza kuiva na parachichi kwenye kiroba kimoja. Nashuka stendi ya Magufuli, kiroba kinavuja. Abiria niliyekaa naye hakuniaga.*
Mwana wa Mama

Parachichi haliivi mtini, mwanangu, huanza kulainika likishachumwa. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliharakisha parachichi. Ongeza safari ya zaidi ya kilomita 800, kutoka baridi ya Rungwe hadi joto la Pwani, mizigo ya watu ikiwa juu ya kiroba chako. Ulitegemea nini? Mwakani omba magumu, yachumwe na vikonyo vyake, yazungushiwe magazeti, ndizi zikae mbali nayo. Ila usimwambie mama kwamba ulitupa. Mwambie majirani walimaliza siku hiyohiyo.

*Mashati meupe ya kwaya hayakauki. Tumeyaanika juu ya moto, sasa yamekauka lakini yananuka kama samaki wa kukaushwa. Ibada ni kesho.*
Sauti ya Nne

Tukuyu kwenu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo wenye unyevu unapanda kutoka Ziwa Nyasa, unaikuta milima, unapoa, na mzigo wote unaushusha juu ya kamba yako ya nguo. Wamisheni wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 na nina mashaka kama Krismasi ile kuna aliyevaa shati kavu. Kwa kesho, mvae yote yaliyopita motoni, kwaya nzima, na mwalimu wenu pia. Mkinuka sawa, hakuna wa kumgeuzia mwenzake uso. Atakayeumbuka ni yule mwenye pasi ya umeme.

*Shemeji kutoka Dar anataka kwenda Daraja la Mungu na kandambili nyeupe. Nimkataze?*
Mwenyeji

Usimkataze. Lile ni jiwe la volkano, limekaa juu ya mto Kiwira bila fundi wala saruji na bado lipo. Kandambili itabaki kwenye tope kabla hamjafika. Wewe beba buti za ziada, na akizihitaji mpe bila kusema neno. Kunyamaza huko kutakuuma, lakini vumilia, ana zamu ya kununua soda.

*Shangazi, sina shida. Umeme ulikatika siku ya Krismasi, runinga ikazimika, tukahamia jikoni wote kumi. Mvua ilipiga bati hatukusikizana. Tulikula wali wa Kyela kwenye sinia moja, bibi akacheka mpaka akakohoa. Nimeandika tu.*
Mjukuu

Safu hii ni ya wenye shida, mjukuu wangu, umenipotezea nafasi. Ukoko alipewa nani?