Kabla Hujalioa Gitaa la Kiuno cha Mshazari

Keti hapa, bwana harusi, nikupe somo. Umelipenda kwa macho, na macho hayapigi gitaa.

Uliza ukoo. Gitaa la Jazzmaster lilitoka kiwandani kwa kampuni ya Fender, Marekani, mwaka 1958. Mwanzilishi wake, Leo Fender, aliwakusudia wapiga jazz, watu wa kupiga wakiwa wameketi. Ndiyo maana kiuno kimepinda upande: gitaa litulie pajani. Wengi wa wapiga jazz hawakuitika posa hiyo. Walioitika ni vijana wa muziki wa surf wa California. Kwa hiyo mwenye duka akikuambia gitaa hili ni la muziki fulani tu, mwache amalize, kisha piga muziki wako.

Pima mkono. Uzi wa Jazzmaster hunyooka sentimita 64.8, wa Jaguar, ndugu yake wa mwaka 1962, ni 61 tu. Vidole vifupi vitaishukuru Jaguar; anayependa nyuzi zilizokaza achukue Jazzmaster. Lipakate ukiwa umeketi, kisha simama nalo. Rangi iangalie mwisho.

Livishe nyuzi nene. Hapa ndipo ndoa nyingi huvunjika. Magitaa haya yalizaliwa zama za nyuzi nene. Nyuma ya daraja uzi hushuka kwa mteremko mdogo, hivyo uzi mwembamba haukandamizi vya kutosha: unaruka kutoka kwenye kijifereji chake, unakereza, nawe unalitukana gitaa. Anza na seti ya nyuzi namba 11. Ikibidi, fundi atie kibanzi chembamba kwenye kitako cha shingo, daraja linyanyuliwe, mteremko uongezeke. Na daraja likiyumba kidogo unapovuta mkono wa kutikisa sauti, usiligandishe kwa gundi. Limeundwa liyumbe pamoja na nyuzi, zirudi mahali pake.

Sikiliza kabla hujarekebisha. Vipande vya nyuzi vilivyo nyuma ya daraja hulia vyenyewe. Wapo wanaoviziba kwa kitambaa. Bendi ya Sonic Youth walivipiga makusudi. Kevin Shields wa My Bloody Valentine alishika mkono wa kutikisa sauti huku akicharaza, sauti ikapanda na kushuka, na watu wakapata namna mpya ya kusikia gitaa.

Usijifilisi kwa mahari. Jaguar iliachwa kutengenezwa mwaka 1975, Jazzmaster mwaka 1980. Magitaa hayo ya mitumba yakawa rahisi, na wanamuziki wasio na fedha wakayachukua. Sifa walizoyapa ndizo zilizopandisha bei ya yale ya zamani. Baadaye yalirudi kutengenezwa, hivyo wewe nunua jipya la Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender. Fedha itakayobaki mpe fundi.

Hayo yote ukiyatimiza, ukalipiga kila siku hadi mkono ukazoea, na bado hamsikilizani, liuze bila kinyongo. Ila liuze likiwa na nyuzi nene, limenyooshwa vizuri, ili atakayelichukua alipokee katika hali yake njema.