Jinsi ya Kuvunja Mgongo Bila Kushusha Hadhi

Unalala Lusewa, kazi ya ualimu iko upande wa Ligera, na kila alfajiri unadandia bodaboda kwenye barabara ya Mtwara Pachani–Nalasi–Tunduru: kiangazi vumbi, masika utelezi. Wapo wanaohangaika kuutunza mgongo. Waache. Wewe nifuate mimi, na kabla ufuta haujavunwa utakuwa unatoka kitandani kwa awamu.

1. Panda mishikaki. Nauli inapungua, na unapata joto la alfajiri bure. Kaa katikati: mbele dereva, nyuma jirani, mapajani begi la laptopu. Ukiweza kupumua vizuri, bado kuna nafasi ya mtoto.

2. Bweteka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakifika kwenye korongo wanakanyaga vikanyagio, wanainua makalio kidogo, na magoti yanapokea kishindo. Aibu gani hiyo! Mwalimu mzima, umechomekea, uchuchumae hewani wanafunzi wakikuona? Kaa kama gunia la mahindi. Mtikisiko utapanda kutoka kwenye siti hadi kwenye uti wa mgongo, na ukifikia mara 4 hadi 6 kwa sekunde, mwili wa mtu aliyeketi huuzidisha badala ya kuupunguza. Kati ya pingili zako zimo diski 23, na kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu. Zinapata chakula chake mwili unapojongea. Basi usijongee. Zifungishe, kwani ni Ramadhani ya nani?

3. Kalia pochi. Iwe nene, mfuko wa nyuma, upande mmoja tu. Ndani mna kadi ya mpiga kura, risiti za AMCOS za tangu msimu wa juzi na elfu mbili iliyochanika, lakini nani atajua? Nyonga ikilala upande, ndiyo mwendo wa wenye fedha.

4. Siku ya Songea, gombea mbele. Kwenye Probox siti ya mbele inabeba wawili, kwa hiyo tako moja litakuwa kwenye siti na jingine litazungumza na breki ya mkono. Vumilia. Nakubali kwamba juu ya tairi la nyuma ndiko kunakorusha zaidi, ila ubora wa mbele ni kuonekana. Gari likisimama stendi ya njiani, wenzako watashuka kujinyoosha. Wewe nunua maji kupitia dirishani, bofya simu, nuna kidogo. Mtu anayejinyoosha stendi anafikiriwa ametoka mbali kwa shida.

5. Ukifika tu, nyanyua kitu. Usisubiri hata dakika tano mgongo ukumbuke kusimama. Magoti wima, inama kiunoni, zungusha mwili, beba kiroba cha kilo 50 mbele ya mashemeji. Ukisikia "ta!", tabasamu.

6. Jitibu. Diklofenaki mbili kutoka duka la dawa, tumbo tupu, chai ya rangi. Vidonda vya tumbo vitakusahaulisha mgongo. Kisha lala wiki mbili bila kuinuka, maana wataalamu wanasema utembee taratibu, na wao hawajui unavyopenda kuandaliwa uji. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihangaika na malaria, safura na kichocho. Mgongo uliachiwa wewe na kijana wa jirani atakayekukanyaga kwa visigino. (Miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, funga mwongozo huu uende hospitali siku hiyohiyo. Hilo sitanii.)

7. Vuna. Vaa mkanda wa kiuno juu ya shati ili usihitaji kueleza. Kwenye kikao cha harusi utapewa kiti chenye egemeo, na mchango wako utasubiriwa kwa huruma. Palizi utasamehewa, utakaa kivulini ukielekeza, "Pale, mama Asha, umeruka mstari." Ila amua mapema ni upande gani unaouma. Mama Asha ana kumbukumbu, na jana ulishika kulia.