Baiskeli Ikibebwa

Kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, baiskeli haina desturi ya kubebwa. Kazi yake ni kubeba. Asubuhi utaiona na madumu manne ya maji, lita 20 kila moja, nazo ni kilo 80 kabla hujamhesabu anayeisukuma. Adhuhuri inapita na vichala vya madafu vilivyofunika magurudumu, husikii ila kengele. Jioni inatoka Gazi na tenga la samaki, nyuma yake paka wa mtaa mzima. Nimeiona ikibeba kitanda, na nimeiona ikibeba kitanda pamoja na mwenye kitanda. Kwa hiyo mtu wa Ukunda akitoka hadharani kutafuta chombo cha kuliwezesha gari kubeba baiskeli, ajiandae kwa maswali.

"Imeharibika?" ndilo la kwanza. Ukijibu kwamba ni nzima, la pili huulizwa taratibu, kwa huruma: "Na wewe je?"

Wazo lilikuwa la mke wangu. Daktari alitushauri tufanye mazoezi, naye akachagua baiskeli kwa sharti moja tu, kwamba hapandi mlima. Mlima wenyewe unajulikana. Mji wa Kwale umekaa juu ya Shimba Hills, karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari, na ukishakata kona pale Kombani, kila kijiji kiko juu ya kilichotangulia. Lakini kuteremka ni raha tupu: upepo usoni, miembe pande zote, na miguu imekaa haina kazi. "Baiskeli tuzipandishe kwa gari," akasema, "tuteremke nazo." Nikamuuliza gari litateremshwa na nani. Akajibu kwamba hayo ni mambo madogo. Na kwa kuwa mambo madogo nyumbani kwetu ni yangu, nikaanza kutafuta keria.

Ndani ya Probox yetu baiskeli moja inaingia, ikilazwa na viti vikikunjwa. Lakini baiskeli ya Black Mamba ni chuma cha kilo 20 hivi, na cheni yake hulainishwa kwa oili iliyomwagwa gereji. Vitambaa vya viti vina kumbukumbu ndefu. Juu ya paa nako kuna gharama yake: unainua kilo hizo juu ya kichwa, jua la saa saba, huku pedali inakutafuta jicho. Ukishaifunga unatakiwa ukumbuke kutwa nzima kwamba gari limeongezeka kimo, na Diani ni mji wa malango ya makuti. Zipo pia keria za mikanda, za kuning'inizwa kwenye mlango wa buti. Nilimwonyesha fundi picha ya keria hiyo kwenye simu. Alibonyeza bati la mlango wangu kwa kidole gumba, bati likaingia ndani, likarudi na mlio. Hakusema kitu. Ikabaki keria ya kupachikwa kwenye chuma cha kuvutia trela.

Magari yetu mengi yanaposhuka bandarini kutoka Japani huwa hayana chuma hicho. Anakitengeneza fundi wa kuchomelea, na wengi wanaokiweka hawana trela wala hawaitarajii. Wanakiweka kwa ajili ya matatu. Matatu ikikugusa nyuma kwenye foleni, bampa la plastiki husamehe, chuma hakisamehe.

"Unavuta nini, mwalimu?" fundi akaniuliza.

"Sivuti kitu. Nabeba baiskeli."

Akazima mashine ili asikie vizuri.

Keria yenyewe ilikuwa ije na shemeji yangu anayeishi Ujerumani, naye alisisitiza jambo moja: kile kichwa cha mviringo cha chuma kiwe cha milimita 50, kipimo cha Ulaya, kwa sababu hapo ndipo keria inapobana. Viko vingine vya inchi mbili, vya Kimarekani, ambavyo ni milimita 50.8. Jicho haliioni tofauti hiyo, kibanio kinaiona. Kilichopatikana dukani kilikuwa cha inchi mbili. Nikamweleza fundi habari ya hiyo pointi nane. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Msasa upo."

Nikamuuliza pia kuhusu uzito. Chuma cha kiwandani huja na kibao kinachoeleza mzigo kinaoweza kuubeba: kilo 50, au 75, au zaidi. Hesabu yake si ngumu. Keria ina kilo 17, baiskeli mbili 40, jumla 57. Chenye kibao cha 50 kimeshalemewa kabla hujapakia hata chupa ya maji. Chetu hakikuwa na kibao. Fundi alikipanda kwa miguu yote miwili, akarukaruka, gari likanesa, akashuka. "Mimi nina themanini," akasema. Kipimo kikaishia hapo.

Jioni zikawa za kutazama picha za shemeji. Ziko keria za kuning'iniza, baiskeli ikashikwa kwenye bomba lake la juu. Hizo ni nyepesi na rahisi, lakini baiskeli ya mke wangu ni ya kike, bomba la juu haina, hivyo hapakuwa na pa kuishika. Ziko za jukwaa, magurudumu yakakaa kwenye mifereji na kufungwa mikanda, na jukwaa zima likainamishwa kwa mguu ukitaka kufungua buti. Tukachagua ya jukwaa. Katika kusoma nikagundua kwamba Thule, kampuni ya Sweden yenye jina kubwa katika biashara hii, ilianza 1942, na bidhaa ya kwanza ya mwanzilishi wake, Erik Thulin, ilikuwa mtego wa samaki. Wavuvi wetu wamesuka madema tangu enzi za mababu na hakuna aliyefika kwenye bampa la gari. Keria yetu si ya kampuni hiyo, lakini siku ya kuifunga kibanio kilinidaka kidole cha shahada, nikaamini kwamba biashara nzima haijasahau ilikotoka.

Siku ya safari ikafika. Fundi, kwa wema wake, alikuwa amekipaka kile kichwa grisi, kama inavyofanywa kwa trela. Kwa keria ya baiskeli grisi ni balaa, kwani kinachoizuia isigeuke ni chuma kikavu kung'ang'ania chuma kikavu. Tulipovuka tuta la kwanza baada ya Kombani, nikatazama kioo: gari linaelekea Kwale, baiskeli zimerukuu kuelekea mtaroni. Tulishuka, tukafuta grisi kwa kanga ambayo mpaka sasa sijaruhusiwa kuitaja, tukakaza upya mbele ya hadhira ya watoto na mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli yake imebeba magunia ya mkaa. Alitutazama kwa muda mrefu. "Mwanangu," akaniambia, "ukichoka kuibeba, nipe mimi. Nina kazi nayo."

Mbele kidogo tukakuta askari barabarani.

Hapa lazima nieleze. Keria za Ulaya zina ubao wa taa na nafasi ya namba ya gari, maana baiskeli zikishapangwa hufunika namba na taa zote. Ujerumani, anasema shemeji, unachapiwa namba ya ziada dukani ukisubiri. Kwetu namba hutengenezwa katika Gereza la Kamiti, na sijamsikia mtu aliyekwenda Kamiti kwa hiari kuomba kipande cha akiba. Trela zina namba zake zinazoanza na Z, lakini keria si trela. Taa nazo zilikuwa na plagi ya pini 13, na waya za fundi zilikuwa na matundu saba.

"Mzee, hii ni trela?"

"Hapana, afande. Ni keria."

"Namba iko wapi?"

"Nyuma ya baiskeli."

Akainama, akachungulia katikati ya spoki, akasoma herufi mbili, akainuka.

"Baiskeli ni nzima?"

"Nzima kabisa!" mke wangu akadakia, kwa fahari.

"Basi moja ishuke, mama aendeshe, namba ionekane."

Sheria ilikuwa upande wake, na leseni ya gari ilikuwa mfukoni mwangu. Mke wangu aliupanda mlima wote hadi Kwale kwa pedali, nami nikamfuata polepole, taa za tahadhari zikiwaka. Bodaboda waliotupita walimpa shime. Mimi walinipa maneno mengine. Alipofika juu alikaa chini ya mwembe, akasema daktari atafurahi, kwa sauti ya mtu asiyemtakia daktari furaha. Kuteremka kwa baiskeli hakutaka tena kukusikia. Alirudi kwa gari, na baiskeli yake ikabaki Kwale kwa shangazi yake, ambako inachota maji na nasikia imenawiri.

Keria haikukaa bure. Habari zilienea kwamba nyuma ya gari la mwalimu kuna jukwaa, na huku kwetu nafasi tupu haikosi mwenyewe. Ikatokea harusi Msambweni. "Hilo jukwaa lako, mwanangu, labeba sufuria?" mjomba akauliza, na kabla sijajibu sufuria mbili za pilau zilikuwa zimeshakalishwa kwenye mifereji ya magurudumu, na mikanda imekazwa. Nikamwonyesha maandishi: mwisho kilo 60. "Kumbe yabeba sitini!" akasema. "Hatujafika." Ukaongezwa mkungu wa ndizi na mikeka. Kila tuta sufuria ziligongana, na njia nzima watoto walitoka mbio wakidhani ndiyo harusi inapita. Baadhi ya watu wazima walipiga vigelegele, nasi kwa adabu tukawapungia mkono.

Wasio na harusi nao waliigundua. Diani kuna Colobus Conservation, shirika lililoanza 1997, ambalo limewatundikia mbega ngazi juu ya barabara wasigongwe na magari. Tumbili nao wanazitumia. Mmoja aliteremka nilipokuwa nimeegesha, akakaa kwenye tandiko la baiskeli yangu na kuanza kulitoa sponji kwa subira ya fundi cherehani. Nilipomfukuza alihamia upande wa pili wa keria, kule kwenye nafasi ya baiskeli ya mke wangu, akanitazama kama abiria aliyelipa.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma chochote kilichotengenezwa mbali na bahari, na kijitabu cha keria kinaagiza ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya matumizi. Maji hayo mtaani kwetu huja kwa madumu, na madumu huja kwa baiskeli. Muuza maji alisimama na kunitazama nikimimina dumu lake zima juu ya kile chombo. Akauliza ni cha nini. Nikamwambia. Aliitazama baiskeli yake, akaitazama keria, akaniambia kwamba wiki ijayo bei ya dumu itapanda.

Kwa hiyo ndugu msomaji unayefikiria kununua, sikiliza. Chukua ya jukwaa, ya kuinama, hasa kama nyumbani kuna baiskeli ya kike. Kichwa kiwe cha milimita 50 kamili, kikavu, kilichofungwa bolti kwenye fremu ya gari, na fundi umnyime grisi hata akikuapia. Jumlisha uzito wa keria na wa baiskeli kabla ya kuuliza bei. Namba na taa zionekane, au uoe mtu mwenye mapafu. Na muhimu kuliko yote, nunua inayokunjika, uitie uvunguni mwa kitanda kila ukiitoa. Si kwa kuogopa wezi, mwizi atachukua baiskeli. Ila keria ikishaonekana na watu wa ukoo, Jumamosi zako zote zimeshaposwa.