Jinsi ya Kuvaa Saa ya Kifahari Nachingwea

Subiri kwanza pesa za korosho ziingie. Ukiivaa kabla ya mnada utaitwa tapeli. Baada ya mnada, mheshimiwa.

Chagua yenye jina kubwa, wala usiulize ndani mna nini. Akitokea mjuaji atakusimulia habari za George Daniels, fundi wa Kiingereza aliyeunda saa kwa mikono yake, karibu kila kipande. Miaka ya 1970 alibuni mtambo mpya wa kuachia nguvu ya springi kidogo kidogo, vyuma visisuguane sana na saa isidai mafuta kila mara. Akauzungusha Uswisi miaka nenda rudi, viwanda vikimtazama kama muuza karanga. Mwishowe Omega ikauingiza sokoni mwaka 1999, jina kwenye uso wa saa likiwa Omega. (Karanga zenyewe tunazijua. Waingereza walikuja na mradi wa kuzilima mwaka 1947, na matrekta, na reli hadi hapa Nachingwea. Mradi ukafa 1951, baadaye reli ikang'olewa. Mwenye jembe la mkono bado anapanda.) Mwambie mjuaji hukununua mtambo, umenunua jina.

Sasa panda gari uende Ruangwa, Namungo wakicheza Uwanja wa Majaliwa. Kunja mkono wa shati. Kijana atakuja: "Shikamoo mzee, saa ngapi sasa?" Itikia marahaba, tazama. Mshale uko kwenye nne. Jibu: saa kumi. Akichungulia na kuiona hiyo nne, kohoa. Mamilioni yote hayo, na saa haijui Kiswahili.

Aibu ikizidi, rudi Nachingwea umtafute fundi saa, yule wa kibarazani mwenye kisanduku cha kioo, betri kuukuu na mikanda iliyokatika. Mwombe aisogeze mbele saa sita. Atavuta kitufe cha pembeni kwa vidole viwili, azungushe, akirudishe. Basi. Mshale unasema kumi, nawe unasema kumi. Kama saa ina tarehe, itageuka saa kumi na mbili jioni, jua likizama, kama bibi zetu walivyohesabu: usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Hakikisha tu haigeuki asubuhi.

Usimwambie fundi kwamba hata wewe ungeweza. Mlipe. Na kabla ya kuuliza bei, funika jina la saa kwa kidole gumba.