Kawia Ufike: Sifa za Mpakato Wangu

Washairi wetu wamesifu majahazi, wamesifu minazi, wamesifu hata wanawake waliowakataa. Kobe ana hadithi zake, punda ana methali zake, na mbu, pamoja na maovu yake yote, ana siku yake duniani kila tarehe 20 Agosti. Kompyuta mpakato nzito, ile inayowaka kwa kujivuta, haijapata hata ubeti mmoja. Inachopata ni kofi la ubavuni, msonyo mrefu, na maneno ambayo mtu mzima hayatamki mbele ya watoto. Mimi nimeishi na mpakato mmoja wa namna hiyo kwa miaka 9. Leo nasimama kuusifu.

Nianze na jina, maana jina jema ni nusu ya sifa. Waliotafuta neno la Kiswahili la kifaa hiki walichukua kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Hakuna anayempakata mtoto ili amharakishe. Mtoto hupakatwa atulie, anyonye, asinzie. Mipakato mingine imelisahau jina lake, inarukaruka mapajani kama mbuzi. Wa kwangu ulilielewa vizuri: ukiupakata tu, unalala.

Nasaba yake nayo si ya kubahatisha. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya kwanza ya biashara yenye diski ya kuzunguka. Diski hiyo ilikuwa kabati lenye sahani 50, kila sahani kipenyo cha inchi 24, uzito wa kabati zima ukiwa kama tani moja, na ndani yake zilienea herufi milioni 5 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo inaweza kulijaza. Diski ya mpakato wangu ni mjukuu halali wa kabati lile. Nayo ina sahani inayozunguka na mkono mdogo unaopita juu yake kama mkono wa santuri. Inazunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Neno unalolitaka likiwa upande wa pili wa sahani, sharti usubiri likuzungukie: kwa wastani milisekunde 5 na nusu, mbali na muda wa mkono wenyewe kufika mahali pake. Ni kitambo kidogo kuliko kufumba jicho. Lakini mashine inapowaka huomba vijineno vya namna hiyo kwa maelfu, kimoja huku, kingine kule, na haba na haba hujaza kibaba.

Kibaba hicho kwangu kilikuwa sufuria ya chai, nacho ndicho kipawa cha kwanza cha mpakato wangu. Kila asubuhi nilibonyeza kitufe, nikaenda uani kuteka maji, nikawasha jiko, nikaponda tangawizi na iliki, nikachemsha, nikachuja. Niliporudi mezani na kikombe changu, kiduara kilikuwa bado kinazunguka, kikinikaribisha nikae, ninywe, nisiwe na pupa. Kabla ya kuupata mpakato huu nilikuwa mtu wa chai ya jana kwenye chupa.

Kipawa cha pili ni kulinda amani. Mwaka juzi nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Usiku mmoja katibu akaweka kwenye kundi la WhatsApp orodha ya wasiotoa michango, jina langu likiwa la tatu kutoka juu, ilhali fedha nilishatuma siku 12 nyuma na ujumbe wa muamala ninao. Nikafungua WhatsApp kwenye kompyuta, maana kidole gumba kisingetosha kubeba hasira niliyokuwa nayo, nikaandika aya 4. Zilikuwa aya nzuri; ya tatu iligusa hadi ukoo wa katibu. Nikabonyeza kutuma. Mpakato ukaganda. Feni ikanguruma kama lori linalopanda mlima wa Kitonga, kiduara kikazunguka, na mimi nikabaki nikiyatazama matusi yangu mwenyewe. Nikayasoma mara ya pili. Nikayasoma mara ya tatu. Katikati ya mara ya nne simu ikalia mfukoni. Katibu ameandika: "Samahani sana kaka, jina lako liliingia kimakosa. Ubarikiwe." Nikachomoa waya ukutani. Betri ilishakufa zamani, hivyo mashine ilizima papo hapo na aya zangu 4 zikaenda nayo. Siku ya harusi nilikaa meza moja na katibu, na ni yeye aliyenipakulia pilau.

Kipawa cha tatu: ni mali isiyoazimika. Gari likiwa zuri, ndugu watalitaka kwa msiba na kwa sherehe. Mpwa wangu aliuazima mpakato wangu kwa siku 3 ili amalizie ripoti yake ya chuo. Aliondoka nao asubuhi, akaurudisha siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. "Shikamoo mjomba," alisema, akiushika kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto anayelia. "Nimekuletea mzigo wako. Ripoti nitaandika kwa mkono."

Na kipawa cha nne ni kikubwa kuliko vyote kwa mtu wa kalamu: mpakato mzito ni udhuru unaotembea. Mhariri akipiga simu kuuliza makala, humwambii kwamba ulikuwa unatazama mpira. Unamwambia, "Mashine inajisasisha, ipo asilimia 34." Nani atabisha? Naye ana yake.

Wako wanaoudharau mpakato wangu kwa kuulinganisha na mashine mpya za dukani. Hao nawaletea ushahidi. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya kompyuta iitwayo Pascal, aliandika makala akilalamika kwamba programu zinanenepa upesi kuliko mashine zinavyoongezeka nguvu. Mwaka huohuo ikatoka Windows 95, ambayo iliweza kuishi na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya megabaiti 4. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haitaki kuingia nyumbani kwako bila gigabaiti 4. Ni mara elfu moja na kitu, na barua ya kuomba ruhusa kazini ina urefu uleule. Mpagazi ni yuleyule. Sisi ndio tuliomwongezea magunia.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa unatoka Mwezini. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kinashuka, kompyuta yake ilizidiwa na kazi ikapiga king'ora namba 1202. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kama kilobaiti 4. Mpakato wangu una mara milioni moja ya hiyo. Rada moja ambayo haikuhitajika saa ile ilikuwa ikiidoea muda. Kompyuta ile haikuganda. Ilijianzisha upya, ikazitupa kazi ndogondogo, ikang'ang'ania zile za kushusha chombo, na wanaanga Armstrong na Aldrin wakatua salama. Wangu, wenye utajiri wa mara milioni, unashindwa kufungua jedwali la michango ya harusi. Mtaniambia hiyo ni aibu. Nami nitawajibu kwamba kompyuta ya Apollo ilifundishwa mapema nani atolewe nje nyumba ikijaa. Wangu haukuambiwa na mtu, na kwa adabu zake haukumfukuza mgeni hata mmoja.

Jambo hili la wageni sikulijua mpaka binti yangu alipoingilia. Yeye hana ibada ya subira. "Baba," aliniambia, "hiki kitu ukikipeleka kwa fundi Kariakoo, nusu siku tu kinapona." Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alikibeba mwenyewe, nami nikamfuata nyuma kama mfiwa.

Fundi alikuwa kijana mwenye meza isiyozidi upana wa kanga. Aliniamkia, nikaitikia, akauwasha mpakato, kisha sisi watatu tukanywa soda. Nilitarajia ashike bisibisi. Yeye alibonyeza vitufe vitatu pamoja, Ctrl, Shift na Esc, kikafunguka kidirisha chenye orodha ya kila kinachofanya kazi ndani.

"Mzee, diski ipo asilimia 100," akasema. "Na bado hujafungua kitu."

Akafungua ukurasa wa programu zinazojiwasha zenyewe. Zilikuwa 17. Kulikuwa na programu ya printa niliyoiuza mwaka 2019. Kulikuwa na ya simu iliyotumbukia baharini Bagamoyo. Kulikuwa na kinga mbili za virusi, kila moja ikiichunguza nyenzake usiku na mchana. "Hawa wote wanaamka kabla yako," fundi akasema. Akanieleza kwamba RAM ni kama baraza la kupokelea wageni, na diski ni stoo ya uani. Wageni wakizidi baraza, wengine hupelekwa stoo, na kila mmoja wao anapotajwa lazima mtu akimbie kwenda kumwita na kumtoa mwingine ampishe. Mbio hizo ndizo nilizokuwa nikiziita uzito. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wangu walikuwa na miaka 6, na sikuwahi kumkabidhi hata mmoja mpini.

Akawazuia mmoja mmoja, akabakiza sauti, kipanya na kinga moja ya virusi. Kwenye kivinjari akakuta vichupo 43 vilivyo wazi, kimojawapo kikiwa tangazo la kiwanja cha Kigamboni ambacho mwenye pesa zake alishakijenga. Kwenye diski ya gigabaiti 500 zilibaki gigabaiti 2; nyingine nyingi zilishikwa na video ileile ya harusi, nakala 5. Kisha ndipo akashika bisibisi. Kutoka kwenye feni alivuta vumbi lililoshikamana kama sufi ya godoro.

"Unaitumia kitandani, mzee?"

"Mara mojamoja."

"Juu ya mto?"

Nikanyamaza. Akaniambia kwamba matundu ya hewa yakizibwa, joto hupanda, na prosesa ikiona joto limezidi hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Kwa hiyo miaka yote ile niliyodhani mashine inanifundisha subira, ilikuwa inajiokoa na mimi.

Mwisho akainama, akaweka sikio juu ya diski, akaniita nami niweke langu. Ilikuwa inagonga, tiki, tiki, kama mtu anayebisha hodi na kukata tamaa. "Hii inataka kufa," akasema. "Tunakili mafaili yako kwanza. Mengine baadaye." Tukanakili. Picha za marehemu mama zilikuwa humo, na hazikuwa mahali pengine popote. Hapo sikuwa na la kuchekesha. Uzito ule, angalau kwa miezi ya mwisho, ulikuwa taarifa, nami nilikuwa nauitikia kwa kwenda kuchemsha chai.

Akatoa diski ile, akaweka SSD, ambayo haina sahani wala mkono. Neno lolote ulitakalo lipo mbele yako chini ya milisekunde moja. Akaongeza RAM ikawa gigabaiti 8. Gharama yote haikufika robo ya bei ya mashine mpya. Binti yangu akalipa, akitabasamu.

Basi msomaji mwenye mpakato mzito, kabla hujabonyeza vile vitufe vitatu, kabla hujawapa wageni jembe na kupangusa feni, nakuomba ufikirie utakachopoteza. Mimi nilirudi nyumbani na mashine isiyojua kusinzia. Inawaka kwa sekunde 16, muda usiotosha hata kuosha kikombe, kwa hiyo nimerudia chai ya chupa. Katibu wa kamati nyingine ameshapokea aya 4 kutoka kwangu, zote zimefika, na pilau la harusi hiyo nililisikia harufu tu nikipita barabarani. Mpwa wangu ameshauazima mpakato mara 3, na kila mara huurudisha jioni sana.

Makala haya mhariri aliyaomba tarehe 3. Leo ni tarehe 21. Mashine haina kosa.