Panya Alikula Nyaya Mbili Tu

Gari langu lilianza kusalimia watu siku ya Jumanne. Nilikuwa natoka kwangu Sinza, nikawasha indiketa ya kushoto niingie barabara kubwa, na honi ikaitikia: pi, pi, pi, kwa mapigo yaleyale ya taa. Muuza genge wa pale kona akainua mkono. "Salama, jirani!" Nami nikainua wangu. Ningefanya nini? Nilipozima indiketa, honi ikanyamaza. Nilipoiwasha, ikarudia kuamkia. Kwa kujaribu nikabonyeza honi yenyewe, na mshale wa kijani wa kushoto ukawaka kwenye dashibodi.

Kwa siku tatu nilikuwa mtu mwenye adabu kuliko wote Sinza, ilimradi niwe naelekea kushoto. Kona za kulia nilizipita kimya kama mtu mwenye kinyongo. Siku ya Ijumaa nikakuta watu wamesimama kando ya njia wakisubiri jeneza, na mimi sina budi kukata kushoto. Nikakata bila indiketa. Hatua chache mbele, trafiki akanisimamisha.

"Mzee, mbona unakata kona bila kuonyesha?"

"Afande, nikionyesha, napiga honi."

Akaniinamia dirishani kama anayetafuta harufu ya pombe. "Hebu onyesha." Akaenda kusimama mbele ya gari, nikawasha, gari likampigia pi, pi, pi mbele za watu. Akarudi taratibu. "Nenda kwa fundi," akasema. "Na upite barabara nyingine."

Sikwenda kwa fundi. Gari lilikuwa linatembea, na mwezi ulikuwa tarehe 20 na kitu. Jumamosi indiketa zote zikafa. Fyuzi yake, nyekundu ya ampea 10, ilikuwa imekatika. Jirani yangu, ambaye ana droo yenye vifaa vya kila gari ila gari lenyewe hana, akanipa fyuzi ya kijani, ya ampea 30. "Hii," akaniambia, "haitakusumbua tena."

Na kweli, fyuzi haikunisumbua tena. Nilichokuwa sijui ni kwamba fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Rangi zile si mapambo: nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30, na kila moja imepimwa kwa unene wa waya inaoulinda, ili umeme ukizidi, ikatike yenyewe kabla waya haujapata moto. Kuweka ya 30 mahali pa 10 ni kuajiri mlinzi ambaye haamki mpaka wezi wamalize kutoa makochi.

Wezi walikuja siku niliyokwenda kumpokea mama mkwe, katika stendi ya Magufuli pale Mbezi. Alikuwa ametoka Kyela na mzigo wake wa kila safari, gunia la mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukapakia, tukaondoka. Tulipofika Kimara gari likapita juu ya rasta, likatikisika, na ndani kukaanza kunuka plastiki.

"Baba," mama mkwe akasema kwa upole wa mtu asiyependa kumwaibisha mkwewe, "humu ndani kuna jiko?"

Moshi ulikuwa unatokea pembeni mwa boneti. Nikaegesha, nikazima, nikafungua boneti na kufanya jambo moja la akili katika mkasa huu mzima: nikachomoa kwenye betri waya wa hasi. Spana namba 10, ile ambayo hupotea katika kila karakana, siku hiyo ilikuwepo. Moshi ukakata.

Nyuma ya taa ya kushoto kulikuwa na nyumba ya mtu. Sponji la boneti lilikuwa godoro, vipande vya ganda la waya vilikuwa mkeka, na ghala lilikuwa limejaa mchele. Mama mkwe akainama, akaokota punje, akaigeuzageuza kwenye kiganja.

"Huu si mchele wangu wa Pasaka?"

Ulikuwa ndio. Gunia la Pasaka lilitoboka kwenye gari, nami niliufagia ule ulioonekana. Nilisubiri anilaumu, lakini uso wake ulijaa fahari. "Kumbe hata panya wa Dar wanajua mchele," akasema.

Wahenga walituambia panya wengi hawachimbi shimo. Hawakusema lolote juu ya panya mmoja na wayaringi. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo ni lazima atafune kitu kigumu ayapunguze. Mchele aliula kwa njaa, waya aliutafuna kwa kunoa meno. Lililoniuma zaidi ni kwamba Morogoro, kama kilomita 190 tu kutoka Dar, shirika la APOPO lililopo Chuo Kikuu cha Sokoine hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Katika ukoo huohuo mpana, mimi nikapangishiwa huyu.

Tulivutwa kwa kamba hadi Gerezani, kwa fundi mmoja wa umeme wa magari ambaye mafundi wenzake humwita Mzee, basi. Nilimsimulia habari za panya kwa uchungu mwingi. Hakunijibu. Alichukua wembe, akaanza kupasua tepu ya lile tita la nyaya kuanzia kwenye taa kurudi nyuma, akinyanyua kidogo kidogo asije akachana ganda la waya. Mbili zilikuwa zimegugunwa mpaka shaba ikawa nje: wa honi na wa indiketa ya kushoto, umelala mmoja juu ya mwenzake. Hapo salamu zangu zote zikajieleza. Umeme wa indiketa ulikuwa unavuka kwenda honi, na wa honi unavuka kurudi indiketa. Honi ina ulaji mkubwa, ndiyo maana fyuzi nyekundu ilikatika. Kisha nyaya hizo, zikiwa na ile fyuzi ya kijani inayolala, zikagusa bati la gari kwenye rasta za Kimara, zikaungua.

"Panya ni hizi mbili," Mzee akasema. Halafu akaendelea kupasua.

Nikamwambia ugonjwa si tumeshauona. Akaendelea. Akafika kwenye kiungo cha fundi wa alamu: alikuwa amechubua waya katikati, akauzungushia wake, akafunika na solotepu. Akafika kwa fundi wa redio, aliyekuwa amejivutia umeme kutoka taa ndogo. Akafika kwenye taa za ukungu ambazo mimi tangu ninunue gari sijawahi kuziona zikiwaka. Kiungo kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na kwa hicho tukajua umri wake: kabla ya Juni 2019, mifuko ilipopigwa marufuku. Kila alipovua tepu, shaba ilikuwa ya kijani au nyeusi. Hewa ya chumvi ya Pwani na maji ya kuoshea injini vilikuwa vimeingia humo vikakosa pa kutokea.

Kiungo cha mwisho kilikuwa kimefungwa kwa plasta ya kidonda, yenye vikatuni vya sungura.

"Huyu naye alikuwa nani?" Mzee akauliza.

Nikatazama barabarani. "Fundi mmoja wa mtaani."

Mzee akaisogeza ile plasta karibu na miwani. "Fundi huyo," akasema, "ana watoto wadogo."

Tukahesabu. Panya, nyaya mbili. Binadamu, viungo kumi na kimoja. "Panya ana adabu," Mzee akasema, akifuta mikono. "Amekula, akaacha wazi, tumeona. Binadamu amekula, akafunika."

Sikuwa na la kujibu, kwa hiyo nikaomba kusaidia. Alinionyesha kwanza. Waya ulioharibika unakatwa kurudi nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ukikuta bado nyeusi, unakata tena, hata kama inauma. Kipande cha kuunganishia kinakuwa na unene uleule, maana kuweka waya mwembamba katikati ya mnene ni kujenga daraja la mti mmoja kwenye njia ya malori. Ncha mbili zinaingia kwenye kibomba kidogo cha shaba, kinabanwa kwa koleo lake, kisha unavuta kwa nguvu. Kikichomoka mkononi, shukuru hakikuchomoka barabarani. Nilimuuliza mbona hachomelei kwa risasi. "Redio imekaa kabatini," akasema. "Gari linapita rasta. Risasi inaufanya waya uwe mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo unapokatikia." Viungo vyenyewe hakuvipanga sambamba. Kila kimoja alikisogeza mbele kidogo ya mwenzake, ili tita lisivimbe kama chatu aliyemeza mbuzi, na ili hata tepu ikija kuchakaa visikutane.

Juu ya kiungo unapita mpira mwembamba, unapulizwa hewa ya moto, nao unasinyaa na kukumbatia waya maji yasiingie. Mzee akanipa waya mmoja nifunge mwenyewe. Nikakata, nikachubua, nikabana, nikavuta. Kiungo kilishika kama ndoa ya kanisani. Nikageuka kuchukua mpira nivishe, na mpira ulikuwa palepale juu ya boksi la spana, na waya haukuwa tena na ncha ya kuupitishia. Vijana wote wa karakana walikuwa wameacha kazi wakinisubiri nifike hapo. "Kata," Mzee akasema. "Kila mtu anakata cha kwanza."

Mwishoni aliuvingirisha mzigo wote kwa tepu ya kitambaa, akauvalisha bomba jeusi lenye mikunjo, akaufunga mbali na ekzosi na mbali na kingo kali za bati. Pale unapopita kwenye tundu la bati aliweka raba, na pale penye kuchezacheza aliuachia nafasi ya kunyooka. Kisha akachomoa fyuzi ya kijani, akarudisha nyekundu, na ile ya kijani akaitia mfukoni kwake. "Nikikurudishia," akasema, "utaitumia."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzima. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba Honda huuza tepu ya kufungia nyaya iliyotiwa ukali wa pilipili ili kufukuza panya, na mimi pilipili mbuzi ninazo. Nikazitwanga, nikapaka juu ya kazi ya Mzee usiku mmoja kabla ya kumrudisha mama mkwe stendi. Sikufikiria kwamba injini hupata joto, na kwamba feni ya ndani huvuta hewa kutoka hukohuko mbele. Tulipofika Ubungo mke wangu alikuwa anakohoa, watoto wanalia, na mimi naendesha kwa jicho moja. Mama mkwe alishuka stendi machozi yakimbubujika, na abiria wenzake wakawa wanaambiana kwamba mama huyu kweli ana mkwe anayependwa.

Siku hizi gari ni zima. Nafagia mchele mpaka punje ya mwisho, nafungua boneti kila Jumapili, na kila tepu nyeusi nikiiona naiuliza imeficha nini. Nikikata kushoto, indiketa inawaka, honi inanyamaza. Juzi nilipita pale kona, kimya, nikijisikia fahari ya mtu mwenye wayaringi safi. Muuza genge hakuinua mkono. Nikapunguza mwendo, nikamuuliza kulikoni.

"Mimi mzima," akasema, huku anapanga nyanya zake. "Ni wewe. Tangu utengeneze gari, unaringa."