Mwanachama@7a81197d

Jana mchana, mbele ya kamati nzima ya Saccos, projekta iliwaka na jina la mwenyekiti likatokea ukutani: Mwanachama@7a81197d. Mama mwenyekiti akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Mwanangu, huyu ndiye mimi?"

Mweka hazina akauliza kama hiyo ni namba ya mkopo. Mzee aliyekaa nyuma akataka kujua kama na yeye atapata ya kwake.

Alipata. Wote walipata.

Mfumo wao umeandikwa kwa lugha ya Java, na Java ndivyo ilivyolelewa. Unda klasi ya kubeba taarifa tu, yaani jina, simu na akiba, kisha iombe ijitambulishe. Haitataja hata kimoja. Itataja jina la klasi, alama ya @, na hashCode yake kwa heksadesimali, sawa na mgeni anayepiga hodi, ukiuliza nani, akutajie namba ya chasisi ya bodaboda iliyomleta. Ukitaka jina, andika toString. Na bado. Vitu viwili vyenye jina, simu na akiba zilezile Java huvihesabu watu wawili, maana equals ya kuzaliwa nayo haijali kilichomo; huuliza tu kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu. Basi uandike equals. Ukiiandika bila hashCode, ndipo HashSet huanza vituko vyake: kwanza hutumia hashCode kuchagua ndoo, ndipo equals ikague waliomo ndani. Ikienda ndoo isiyo yake, hurudi na kuapa kwamba mtu hayupo. Ufundi wenyewe, wallahi, ni mzuri.

Mwezi uliopita mwanachama mmoja alibadilishiwa simu akiwa tayari ndani ya HashSet, hashCode yake ikabadilika nayo, akapotea humohumo.

Kotlin ilikuja na klasi za data tangu toleo la 1.0, mwaka 2016. Python ikafuata 2018. Java yenyewe ilizipa rekodi kibali rasmi katika toleo la 16, Machi 2021: mstari mmoja, na toString, equals na hashCode zinajiandika. Seva ya mteja wetu ingali Java 8, ya mwaka 2014. Ombi la kuipandisha liko mezani kwa bwana mmoja anayesema mfumo unafanya kazi. Unafanya, kwa sababu mdogo wa timu hubaki ofisini usiku akiandika equals kwa mkono, klasi baada ya klasi. Nimeulizia malipo ya saa za ziada. Nimejibiwa kwamba hizo ni klasi ndogondogo tu.